Mwalimu wa Hesabu Angeokoa Karo Yangu

Nikuulize swali kabla hujasongesha huu ukurasa. Unakumbuka ule mfuko wa mipira wa kidato cha tatu? Mipira 5 myekundu, 3 ya bluu, unaambiwa uchomoe mmoja bila kuangalia. Kuna uwezekano gani utoke mwekundu? Tano kwa nane. Mimi nililipata hilo swali na mwalimu akaniwekea vema kubwa.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, saa nane usiku, natazama kandege kadogo kakipaa kwenye simu na karo yangu ikipaa nako. Unaujua huo mchezo. Elfu 18 ambazo mathee alikopa kwa chama ziliisha kwa siku 11. Sikulewa, sikununua viatu, sikupeleka mtu lunch. Baadaye nikaanza kulala mchana na kukesha usiku, nikawa sishiki simu za nyumbani. Kula ikawa chai na mandazi, siku zingine hata hiyo sina hamu nayo. Darasani niliacha kwenda kwa aibu, na chuo sikurudi tena.

Sasa niambie, hayo ni ya somo gani? Ukisema hesabu, uko sawa. Ukisema afya, pia uko sawa.

Nimekuwa nikiwaza haya tangu nianze kumsaidia binamu yangu, yuko Form 3, na kazi yake ya nyumbani. Siku hiyo alikuwa anafanya hesabu za gari linaloshuka thamani kila mwaka. Fomula ni ileile tuliyosoma sisi: bei ya kwanza, unazidisha kwa kile kinachobaki, mara idadi ya miaka. Nikamwambia atoe gari, aweke 1,000 bob. Tuseme mchezo unakurudishia 95 kwa kila 100 unayoweka, kwa wastani. Inakaa poa, si ndio? 95 kwa 100 ni kama umepewa tu. Sasa ichezeshe tena yote inayorudi. 950. Halafu 902.50. Raundi ya 14 uko chini ya 500. Raundi ya 45 hata 100 haifiki. Na raundi moja ya kandege inaweza kuisha kwa sekunde chache, kwa hivyo hapo hata saa moja haijaisha.

Ndiyo, kuna msee atashinda usiku huo, na huyo ndiye utaonyeshwa screenshot yake. Lakini wastani ni wa wote, na ukicheza sana wewe ndiye unakuwa wastani.

Hiyo hesabu nilikuwa nayo kichwani tangu kidato cha tatu. Hakuna aliyeniambia ni ya maisha. Mwalimu wa hesabu alifundisha hesabu, mwalimu wa ushauri akatuambia asemblini kwamba kamari ni mbaya, na hao wawili hawakuwahi kukutana mdomoni mwa mtu mmoja. Kuambiwa kitu ni kibaya hakukuzuii. Kukiona kikikula, shilingi kwa shilingi, na kalamu ni yako, hiyo labda.

Kemia ni vilevile. Kidato cha nne tulikariri methanoli na ethanoli: moja ina kaboni moja, nyingine mbili. Swali la mtihani, alama mbili, songa mbele. Kumbe hiyo kaboni moja ndiyo tofauti ya kulewa na kupofuka, kwa sababu mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha kwenye glasi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 60 Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024, Kirinyaga, wakafa wasiopungua 17. Hilo somo lingechukua dakika tano. Mwanafunzi angeenda nyumbani akamwambia mjomba wake kwa nini ile ya bei rahisi si ya kuguswa, na angekuwa na sababu, si mahubiri.

Kiswahili nacho? Binamu yangu anasoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sara ni mgonjwa, mumewe Yona aliishi kwenye chupa. Swali analopewa ni "jadili maudhui ya ulevi". Anajadili vizuri sana. Lakini naujua mtaa wetu, na najua katika hilo darasa kuna watoto wanaoishi na Yona wao, na hakuna anayewauliza chochote baada ya kengele.

Usidhani hili wazo ni langu. Kenya tumewahi kulijaribu. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na miaka hiyo mafunzo yake yakapenyezwa ndani ya masomo mengine. Ndiyo maana sisi sote tuliandika ile insha. Yangu ilipata 32 kwa 40 kwa sababu niliita Ukimwi "gonjwa hatari" na kuweka methali tatu. Ila ungeniuliza virusi vinaambukizwa vipi, ningekudanganya. Hapo ndipo hii njia huharibika: afya inageuka mapambo ya insha.

Mtaala mpya nao una hii kitu, unaitwa masuala mtambuko. Wadogo zetu wa Junior wanasoma lishe bora na usafi wa kibinafsi ndani ya Kiswahili. Grade 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023, Elimu ya Afya ilikuwa somo linalojitegemea, halafu jopo la Profesa Raphael Munavu likapendekeza masomo yapunguzwe na likaunganishwa na sayansi. Kuna watu waliona ni hasara. Mimi sioni hivyo, somo la pekee lingebaki kipindi cha kulala. Shida yangu ni nyingine. Rafiki yangu anafundisha Junior, na anasema masuala mtambuko ni safu moja kwenye mpango wa somo, anaijaza ndio karatasi isirudishwe. Ana madarasa mengi, ana vitabu vya kusahihisha, na hajawahi kuonyeshwa namna ya kufanya hesabu iongee kuhusu mkopo wa simu. Simlaumu. Ukitaka afundishe hivyo, mpe mifano na muda, na swali la mtihani litoke huko pia. Unajua vizuri kwamba kisichotahiniwa hatukisomi.

Turudi kwa binamu yangu. Alipomaliza raundi ya 45 alinitazama, akaniuliza, "Bro, wewe ulicheza ngapi?"

Nikamwambia sikuwa nahesabu.

Akanyamaza kidogo, akasema darasani kwao kuna wanne wanaocheza na pesa ya lunch. Asubuhi ile karatasi haikuwa mezani. Alikuwa ameenda nayo shule.