Kompyuta ya Michezo kwa Mwenye Fedha Kidogo

Kijana aliyejinyima kwa miezi mingi ili anunue kompyuta ya kuchezea michezo huingia dukani na swali moja tu: bei gani? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: kompyuta hiyo itafanya kazi gani, na ni kiungo kipi kitakachobeba mzigo mkubwa? Asiyeuliza hivyo huenda akatoka na mashine ya bei kubwa inayokwama, ilhali mwenzake mwenye fedha pungufu anacheza bila taabu.

Kazi yenyewe

Skrini nyingi zina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, yaani nukta 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, picha nzima hubadilishwa yapata mara 60 kila sekunde. Hivyo kompyuta hupaka rangi nukta zaidi ya milioni 124 katika sekunde moja.

Kazi hiyo hugawanywa baina ya viungo viwili. Prosesa hukokotoa mambo ya mchezo: mpira umeelekea wapi, adui amesimama wapi, gari limegonga nini. Kadi ya grafiki hupokea hesabu hizo na kuchora picha. Viungo hivyo ni kama mbeba matofali na mwashi: ukuta hupanda kwa kasi ya yule aliye mzito. Kununua prosesa ya fahari na kuiunga na kadi dhaifu ni kumlipa mbeba matofali hodari ili asimame akimsubiri mwashi.

Mwenye kompyuta tayari anaweza kutambua kiungo kinachochelewesha. Apunguze idadi ya nukta katika mipangilio ya mchezo. Iwapo picha kwa sekunde zitaongezeka, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Iwapo hazitaongezeka, yamkini prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya haitasaidia kitu.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kuunda kompyuta ya kiasi. Mfano mzuri ni prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022, pamoja na kadi ya Radeon RX 6600 ya mwaka 2021. Prosesa hiyo ina viini 6 na imekadiriwa wati 65. Kadi ina kumbukumbu yake ya gigabaiti 8 na hutumia wati 132. Viungo hivyo vimelingana kwa skrini iliyotajwa hapo juu. Katika mpango wa namna hii, sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye kadi.

Njia ya pili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kisha kuipachika kadi ndogo. Tundu la kadi katika mazabodi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kwa hiyo hutafutwa kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama matoleo kadhaa ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019. Kabla ya kulipa, hapana budi kupima nafasi iliyomo katika kasha, kwani makasha mengi ya ofisi ni membamba.

Njia ya tatu ni kuanza bila kadi. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, ina sehemu ya kuchora picha ndani yake, nayo huazima kumbukumbu kuu ya RAM. Hapa liko kosa linalowagharimu wengi. Kipande kimoja cha RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili pamoja hupitisha 51.2. Basi anayenunua kipande kimoja cha gigabaiti 16 badala ya viwili vya gigabaiti 8 ameziba nusu ya njia. Hata hivyo kumbukumbu ya RX 6600 hupitisha gigabaiti 224, na kwa sababu hiyo kadi ya pekee haina mshindani katika michezo mizito.

Pasipofaa kubania

Kiungo kisichosifiwa na mtu ni pawa saplai. Hicho ndicho kinachopokea umeme wa volti 230 wa mkondo geu na kuugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kikiwa hafifu, siku kitakapoharibika chaweza kuunguza kadi na mazabodi pamoja. Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Kwa mfano wa kwanza, pawa saplai ya kweli ya wati 500 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha. Ya wati 700 za maandishi tu ni hatari.

Kadi za mtumba nazo zataka macho. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa fedha za Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliuzwa. Si zote mbovu. Mnunuzi amtake muuzaji aendeshe mchezo mzito kwa nusu saa mbele yake, asikilize feni, na atazame kama picha inachafuka.

Kununua kwa hatua

Mwenye fedha kidogo hana lazima ya kununua vyote siku moja. Anaweza kuanza na 5600G, RAM vipande viwili na pawa saplai nzuri, kisha aongeze kadi akiba itakapotimia. Hakuna atakachotupa. Bei hupanda na kushuka, na majina ya kadi hubadilika kila mara. Lakini kanuni ya mbeba matofali na mwashi hubaki ile ile, nayo haiuzwi dukani.