Daftari la Dhambi

Mama mmoja alikuja kwangu Kashozi, upande wa Bukoba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo na watoto wa jirani wakipekuapekua nyasi kutafuta waliowakosa alfajiri. Aliketi mkekani, akakataa chai, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Mwalimu, waitu, daftari langu bado liko kwa mtumishi. Mungu anasoma lipi, lile au la kwake?"

Nafanya kazi ya unasihi wa kichungaji, na swali hilo sikuwa nimewahi kuulizwa. Kikundi alichotoka sikitaji, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha kwa ridhaa yake. Kilianza kama maombi ya watu kumi sebuleni. Miaka sita baadaye, kila Ijumaa mtu aliungama mbele ya kiongozi, waliyemwita mtumishi, na binti mmoja akaandika daftarini. Mama huyo alipotaka kwenda kumzika baba mkwe wake kwa "wasiookoka", daftari lilifunguliwa. Alipokataa kuuza kipande cha kibanja ili atoe sadaka, lilifunguliwa tena, safari hii mbele ya wote. Kwa msomaji asiye wa huku: kibanja ni migomba na kahawa inayozunguka nyumba, na ndimo tunamozika wazee wetu. Kumwambia Mhaya auze kibanja ni kumwambia auze na makaburi.

Ndugu zake walimpa ushauri wa aina mbili. Dada mtu alisema, "Rudi tu kanisani, yaishe." Kaka mtu, anayeishi Mwanza, akasema, "Achana na dini kabisa." Wote walimpenda, na hakuna aliyemsaidia. Aliporudi kanisani, padri alipowaalika waumini wakumbuke dhambi zao mwanzoni mwa misa, tumbo lilimkata akatoka nje. Na alipokaa nyumbani Jumapili, alijisikia amemkimbia Mungu. Kikundi hakikumfundisha maneno mapya. Kilichukua maneno aliyoyajua tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, toba, utii, kufunga, kuungama, kikayafanya mijeledi. Anayetoka huko hawezi kuyakwepa, maana yako kila mahali. Wala hawezi kuyatumia, maana yanauma.

Ndiyo maana siku hizi simwulizi mtu kama huyu anaamini nini. Namwomba achague neno moja tu. Yeye alichagua kuungama.

Daktari wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, aliwahoji huko Hong Kong miaka ya 1950 watu 40 waliopitia "marekebisho ya fikra" ya China ya Mao, baadhi yao wamisionari waliotoka magerezani. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alitaja dalili nane za mazingira yanayomeza mtu mzima mzima, na mojawapo ni ibada ya maungamo: mtu anatakiwa kusema kila kitu, daima, na alichosema kinakuwa mali ya kundi. Ilinishangaza mara ya kwanza nilipokisoma. Walinzi wa gereza lisilotaka kusikia habari za Mungu walikuwa wamegundua nguvu ileile ya kuungama, bila msamaha. Mama alipoelezwa hivyo alisema, "Kumbe hata wasio na Mungu wana daftari."

Nikamweleza jambo la zamani zaidi. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa majimbo kadhaa ya Italia kwa hasira. Huko, watubu walikuwa wakiandikiwa dhambi zao kwenye karatasi, kisha zikasomwa hadharani. Akapiga marufuku. Alisema inatosha kuungama kwa siri, la sivyo watu wengi wataikimbia toba kwa aibu, au kwa kuogopa maadui watakaotumia maandishi hayo kuwashtaki. Karne ya tano! Mtu anayedhani daftari la dhambi ni ufunuo mpya wa siku za mwisho ajue lilikwishakatazwa kabla Kiswahili hakijaandikwa. Baadaye, mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamuru kila Mkatoliki aungame walau mara moja kwa mwaka, na katika kanuni hiyohiyo ukaweka adhabu kali kwa padri atakayetoa siri. Mpaka leo padri anayevunja siri ya kitubio moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo, bila kusubiri hukumu. Walutheri, ambao ni wengi hapa Bukoba, nao wana kinga yao: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linabakiza maungamo ya faragha lakini linasema si lazima kuorodhesha dhambi zote.

Ukitazama kinga hizo utaona zinamfunga anayesikiliza. Siri ni mzigo wake, mipaka ni yake. Kule kwenye sebule ya Ijumaa kila sheria ilimfunga anayesema.

Sisemi haya kwa kuyaremba makanisa makubwa. Misheni ya Kashozi yenyewe ni mtoto wa ugomvi wa dini: ilianzishwa mwaka 1892, baada ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda kupigana Mengo mwezi Januari na Askofu Mkatoliki Hirth kuhamia upande huu wa mpaka, uliokuwa wa Wajerumani. Na wazee wanaokumbuka viboko vya katekista bado wapo.

Wala maungamo ya hadharani si mabaya yenyewe. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia Bukoba, ulikuwa wa watu kusimama na kusema dhambi zao mbele ya wenzao. Mtu alirudisha jembe aliloiba. Mume aliomba radhi kwa mke watu wakisikia, jambo ambalo katika nyumba nyingi za hapa lingeonekana kichaa. Askofu Josiah Kibira, aliyeandika juu ya kanisa na ukoo wa Kihaya na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Balokole nao waliweza kusukumana, na walioonekana vuguvugu walisemwa. Lakini katika mikutano ile aliyehubiri naye aliungama.

Hapo Kiswahili chenyewe kilinisaidia kuliko vitabu. Barua ya Yakobo, sura ya tano, inawataka waumini waungamiane na waombeane. Tazama mwisho wa vitenzi hivyo: -ane, -ane. Nilimwuliza mama, "Katika miaka sita, mtumishi aliwahi kuungama kwako?" Alicheka kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe aliwahi kumkamua. Huko hakukuwa na kuungamiana. Kulikuwa na kuungamishwa.

Tangu siku hiyo alianza kuyapitia maneno mengine mwenyewe. Utii: nani anamtii nani, na kuna siku zamu inageuka? Kufunga alikutana nalo redioni, habari za Shakahola ziliporudiwa: wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie katika msitu wa kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa kwa njaa. Mhubiri alikana mashtaka. Mama alisema tu kwamba kwa bibi yake kufunga kulikuwa na kufungua. Kwaresima ilikuwa na Pasaka, na Pasaka ilikuwa na matoke na nyama.

Kanungu aliikumbuka bila kuambiwa. Sisi tulio karibu na mpaka wa Uganda hatujaisahau tarehe 17 Machi 2000, mamia walipoteketea huko katika kanisa la kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, baada ya mwisho wa dunia waliotabiri kutokufika mwaka ulipogeuka. Lugha yao na yetu zinakaribiana mno. Katika kundi hilo wafuasi walizuiwa hata kuzungumza, wakatumia ishara za mikono, wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Kanungu walinyimwa kusema. Mama alinyimwa kunyamaza. Nadhani ni jambo moja: mdomo wako una msimamizi.

Watu huniuliza kwa nini siwaambii waathirika waende polisi. Huwaambia, pale penye kosa la jinai, kama wizi wa mali au kupigwa. Nawakumbusha pia kwamba ibara ya 19 ya Katiba yetu ya Tanzania inampa mtu uhuru wa kubadilisha imani, maana wengi wametishwa kwamba kutoka ni kosa. Kwa daftari, sidhani ofisa wa polisi ana la kufanya.

Tulikutana kwa miezi minane. Kitubio bado hajakwenda. Kupiga magoti mbele ya mtu kunamtetemesha, na padri, mzee mwenye busara, amemwambia kuna benchi chini ya mti nyuma ya kanisa, wanaweza kukaa hapo hata bila kusema kitu. Amekaa mara mbili. Mara ya pili walizungumza juu ya mnyauko wa migomba.

Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na swali jingine. Kila Ijumaa walitakiwa kuleta dhambi mpya, na wiki nyingine hakuwa nazo, kwa hiyo alizitunga. Mara amemwonea wivu jirani, mara ameota ndoto mbaya, mara amemtamani mwuza samaki wa Kemondo ambaye hajawahi kumwona. Akihesabu, nusu ya daftari ni uongo.

"Sasa, Mwalimu," akasema, "hizo za kutunga nazo nizitubu?"

Nilijaribu kujizuia nikashindwa, naye akashindwa, tukacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.