Wavietnam na Walatino wa Marekani: Nani Alifunguliwa Mlango?

Mazungumzo ya redio ya wiki hii

Leo nataka tuzungumze juu ya hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi, hata hapa kwetu, kila inapotajwa habari ya wageni wanaohamia Marekani.

Hoja hiyo huenda hivi. Wavietnam walifika Marekani mikono mitupu, wamekimbia vita na Kiingereza hawakijui, lakini leo wana maduka, wana nyumba, na watoto wao ni madaktari na wahandisi. Walatino nao, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador na nchi nyingine zinazosema Kihispania, wako Marekani tangu zamani, lakini wengi wao wangali vibarua wa mashambani, wapishi wa mikahawani na wafagiaji wa maofisi. Basi msemaji humalizia kwa kuuliza: mnaona? Si kila kabila lina mila ya kazi.

Hoja hiyo ni tamu masikioni, na ndiyo maana inapendwa. Lakini nadhani inafaa kuipima kabla ya kuimeza.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2019, kabla ya ugonjwa wa UVIKO-19 kuvuruga uchumi, kaya ya kati ya Wavietnam wa Marekani ilipata kiasi cha dola 69,800 kwa mwaka. Nikisema kaya ya kati nina maana ya ile ambayo nusu ya kaya zote ziko juu yake na nusu ziko chini yake. Kaya ya kati ya Walatino ilipata kiasi cha dola 56,000. Kwa Marekani nzima kiwango hicho kilikuwa karibu dola 69,000. Kwa hiyo Wavietnam walikuwa sambamba na taifa zima, na Walatino walikuwa nyuma kwa zaidi ya dola 12,000. Karibu theluthi mbili ya kaya za Wavietnam zilikuwa na nyumba zao wenyewe, hali kaya za Walatino zenye nyumba hazikufika nusu. Katika elimu, kati ya Wavietnam 100 wenye umri wa miaka 25 na zaidi, 32 walikuwa na shahada ya chuo kikuu. Kwa Walatino hawakufika mmoja kati ya watano.

Hesabu hizo ni za kweli, wala sina ugomvi nazo. Lakini hebu turudi nyuma miaka thelathini. Katika sensa ya mwaka 1990, Mvietnam mmoja kati ya kila wanne hivi alikuwa chini ya mstari wa umaskini. Na Walatino? Karibu mmoja kati ya wanne vilevile. Wakati huo Wavietnam walikuwa na mila zilezile walizonazo leo, heshima ileile kwa wazee na pupa ileile ya kuwasomesha watoto. Kama mila peke yake ndiyo siri ya utajiri, mbona iliwaacha maskini sawa na majirani zao kwa miaka kumi na mitano?

Jibu nionavyo mimi limo katika namna kila kundi lilivyoingia Marekani, na karatasi walizopewa mlangoni.

Saigon ilianguka tarehe 30 Aprili, 1975. Mwaka huo Marekani iliwachukua Wavietnam zaidi ya laki moja na ishirini elfu na kuwaweka kwanza katika kambi nne za kijeshi zilizokuwa California, Arkansas, Florida na Pennsylvania. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuwagharimia. Mashirika ya dini na watu wa kujitolea wakatafutwa ili kila familia iwe na mwenyeji wa kuipokea. Wengi wa hao wa kwanza walikuwa maofisa wa jeshi, makarani na wasomi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufanya kazi na Wamarekani.

Waliofuata, hasa kuanzia mwaka 1978, ndio wale waliotoroka baharini kwa mashua. Hao walikuwa wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wadogo, na wengi walifika wamechoka na maskini kabisa. Lakini hata hao waliingia kwa hadhi ya ukimbizi, na mwaka 1980 Marekani ilitunga sheria kamili ya wakimbizi. Mtu mwenye hadhi hiyo huruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Alipewa msaada wa fedha na matibabu kwa muda, pamoja na masomo ya Kiingereza. Baada ya mwaka mmoja aliweza kuomba ukaazi wa kudumu, na baada ya miaka mitano aliweza kuomba uraia.

Sisemi kwamba walilala kwenye godoro la pamba. Huko Texas, Wavietnam waliokuwa wakivua kamba walichukiwa na wavuvi wenyeji, boti zao kadhaa zikachomwa moto, na kundi la Ku Klux Klan likawatishia kwa silaha. Lakini mwaka 1981 wavuvi hao walikwenda mahakamani na mahakama ikalizuia kundi hilo lisiwasumbue. Angalieni hapo. Waliweza kusimama mbele ya hakimu bila hofu ya kuulizwa waliingiaje nchini.

Mfano mwingine ni kazi ya kutengeneza kucha. Mwaka 1975 mcheza sinema Tippi Hedren alitembelea kambi ya wakimbizi karibu na mji wa Sacramento, akaona wanawake wa Kivietnam wanavyozipenda kucha zake. Akamleta mtaalamu wake kuwafundisha wanawake 20, na wakasaidiwa kupata leseni. Kutoka hapo jamaa akamfundisha jamaa, na leo zaidi ya nusu ya watengeneza kucha wote wa Marekani ni wenye asili ya Vietnam. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima na kuvuta harufu ya dawa kali, na malipo yake mara nyingi si makubwa. Hata hivyo ilikuwa mlango wa biashara. Bidii ilikuwa yao, na hakuna wa kuwanyang'anya sifa hiyo. Lakini leseni ni karatasi ya serikali, na mtu anayejificha na serikali hawezi kupanga foleni kuiomba.

Sasa tuwatazame Walatino. Baadhi ya familia za asili ya Meksiko hazikuhamia Marekani hata kidogo, ila mpaka ndio uliowahamia, pale Meksiko iliposhindwa vita na kuikabidhi California na nchi nyingine kubwa mwaka 1848. Baadaye, kuanzia mwaka 1942 hadi 1964, Marekani iliwaita vibarua wa Kimeksiko kwa mikataba zaidi ya milioni nne. Waje wavune, kisha warudi kwao. Mpango huo ukafungwa, na sheria ya mwaka 1965 ikaweka kwa mara ya kwanza kikomo cha jumla kwa wahamiaji wa bara la Amerika. Mashamba hayakufungwa na matajiri wenye mashamba hawakuacha kuhitaji mikono. Basi watu waliendelea kuja kwenye kazi zilezile, isipokuwa sasa bila hati.

Mtu asiye na hati hufanya kazi, tena sana. Kwa kweli sehemu ya Walatino wanaofanya kazi au wanaotafuta kazi imekuwa juu kuliko wastani wa taifa, kwa hiyo neno uvivu na tuliweke kando. Tatizo lake ni kwamba akipunjwa mshahara hathubutu kushtaki, akitaka kubadili kazi anaogopa kuulizwa vitambulisho, na benki kumkopesha ni shida. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapatia hati watu wapatao milioni 2.7, wengi wao Wameksiko. Wachumi waliowafuatilia waliona mishahara yao ikipanda. Mikono ilikuwa ileile na mila ileile, kilichobadilika ni karatasi mfukoni.

Kama bado kuna mwenye shaka, naomba awalinganishe Walatino kwa Walatino. El Salvador ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1980 hadi 1992, na watu wake wengi wakakimbilia Marekani. Mwaka 1984, kati ya Wasalvador 100 walioomba hifadhi, hawakufika watatu waliokubaliwa. Kwa nini? Serikali waliyoikimbia ilikuwa rafiki wa Washington. Wakuba, ambao nao husema Kihispania, walikuwa wanaikimbia serikali ya Fidel Castro, adui wa Washington. Hao walitungiwa sheria yao wenyewe mwaka 1966 ya kuwapa ukaazi, na kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufunguliwa mpango wa misaada. Ni kweli pia kwamba Wakuba wa kwanza wengi walikuwa wasomi na wenye mali. Lakini msaada na hati ziliwapa mahali pa kuanzia, nao wakajenga benki na biashara huko Miami. Katika jambo hili Mkuba anafanana zaidi na Mvietnam kuliko anavyofanana na Msalvador anayesema naye lugha moja.

Hata hivyo makaratasi peke yake hayajazi sufuria. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na bado wengi wao wamekuwa maskini. Walihamia New York kwa wingi miaka ya 1950 kufanya kazi viwandani, na muda si mrefu viwanda vikaanza kufungwa au kuhama. Kwa hiyo inahitajika hati, na inahitajika kazi ya kukaribisha hiyo hati.

Jambo jingine linalopotosha ni wastani wenyewe. Walatino walikuwa milioni 22 mwaka 1990 na wakawa milioni 62 mwaka 2020. Wengi walizaliwa hukohuko, lakini mamilioni walikuwa wageni wapya wanaoanzia ngazi ya chini kabisa. Kila mzee anapopanda ngazi moja, mgeni anaingia chini yake, na wastani unashuka. Wavietnam ni milioni mbili na kidogo, na wimbi kubwa la wakimbizi wao lilikwisha miaka ya 1990.

Na mila je? Wavietnam wana mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, wanauita hui. Wameksiko wanao, wanauita tanda. Sisi tunauita upatu. Ni mchezo uleule, na ni mtaji uleule wa maskini anayemwamini jirani yake. Hapo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Nataka kumalizia na mji mmoja wa California uitwao Westminster. Leo unajulikana kwa mtaa wa Little Saigon, wenye maduka ya Wavietnam pande zote za barabara ya Bolsa. Jirani yake ni mji wa Santa Ana, ambako Walatino ni wengi kuliko wote. Mpita njia akitoka mji mmoja kwenda mwingine atasema: tazama tofauti ya mila! Hajui kwamba miaka ya 1940, hapo hapo Westminster, watoto wa asili ya Meksiko walikuwa wakikataliwa kusoma na Wazungu na kupelekwa shule yao ya pembeni. Mkulima mmoja, Gonzalo Mendez, na wazazi wenzake wanne walizishtaki halmashauri za shule, wakashinda mwaka 1946, na rufani ikawapa ushindi tena mwaka 1947. Watoto wa Kivietnam walipofika hapo miaka thelathini baadaye, waliukuta mlango wa shule uko wazi. Waliousukuma mpaka ukafunguka ni Wameksiko.

Kwa nini nayasema haya kwa watu walio mbali na California? Kwa sababu na sisi tuna ndugu huko. Wapo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Wakongo wanaosema Kiswahili kama sisi, walioingia kwa hadhi ya ukimbizi. Na wapo waliokwenda kwa viza ya matembezi au ya masomo, ikaisha muda, wakabaki. Baada ya miaka kumi mmoja ana nyumba, na mwenzake anaosha vyombo usiku na hawezi hata kuja kumzika mama yake, kwa maana akitoka hataruhusiwa kurudi. Nasi huku tunakaa barazani tukisema: fulani ni mchapakazi, fulani amepotea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye hati hamjui asiye nayo. Siku nyingine tukianza kuwapima watu hao, tuulize kwanza waliingilia mlango gani.