Trela Yako Inakata Kiuno Waiyaki Way? Soma Hii Kabla Ununue Tobaa

Wasee, hustle ya trela za chakula imeshika. Kahawa Kilimani, smokies Kinoo, chapo madondo Kikuyu. Fundi anakuchomelea, unapaka rangi, unafunga nyuma ya ndai na kutoka tao. Ukianza kushuka Waiyaki Way kuingia Kangemi, usukani unakuwa mwepesi vibaya na trela inaanza kuyumba. Hapo ndo watu hukumbuka maombi.

Shida iko hivi. Uzito wa trela ukikalia tobaa, nyuma ya ndai inazama na mbele inainuka. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanakata kona, na breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa.

Tobaa ya kugawa uzito iko na vyuma viwili vya springi vinavyoshikana na shingo ya trela. Vikikazwa, vinarudisha sehemu ya huo uzito kwa magurudumu ya mbele na ya trela yenyewe. Kizuia kuyumba ni kitu kingine: kinatumia msuguano kukatalia trela isicheze kando. Zingine zinauzwa zote mbili pamoja, zingine unaongeza baadaye.

Lakini manze, anza na mzigo. Uzito unaokalia tobaa unafaa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya trela ikiwa imejaa. Trela ya kilo 800, hiyo ni kilo 80 hadi 120, unaeza pima na mizani ya bafu ukiiinua na tofali hadi kimo cha tobaa. Chini ya 10, itayumba tu. Tangi la maji la lita 200 likikaa nyuma ya ekseli, hizo ni kilo 200 zinazoinua shingo. Hakuna chuma ya pesa ngapi itaficha hiyo.

Ukishajua hiyo namba, nunua springi zinazoendana nayo. Ngumu sana zitakutikisa na kuumiza chesisi, laini sana ni mapambo. Hilux na Prado ziko na chesisi kamili, hazisumbui sana. Kama yako ni kagari kadogo, soma kitabu cha gari kwanza, juu watengenezaji wengine wanakataza kabisa hii kitu. Boli nayo lazima iwe saizi ya kichwa cha trela. Boli ya inchi 1⅞ kwa kichwa cha inchi 2 inaeza chomoka ukiruka bampsi.

Kufunga: pima kimo cha fenda ya mbele bila trela, pima na trela, alafu kaza springi hadi fenda irudi karibu na pale ilikuwa. Fundi wa Kirinyaga Road akikushow "inatosha" bila kupima, mpe tepu.

Ikiyumba njiani, usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani wima, ipoe yenyewe. Na ukifika base, legeza kile kizuia cha msuguano kabla ya kurivasi, la sivyo utakipinda siku ya kwanza.