Utunzaji wa Kuta za Ghala Zilizovuliwa Lipu na Kuvikwa Mbao au Mabati

Maghala mengi ya vyama vya msingi ni ya umri mkubwa. Yako yaliyojengwa kabla ya mwaka 1976, mwaka ambao vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara vilivunjwa, nayo yakakaa pasipo mwangalizi wa dhati hata Sheria ya 1982 ilipofungua njia ya vyama hivyo kuundwa upya. Paa likivuja watu husema. Lipu ikibambuka watu hupita tu. Ndiyo sababu, wakati fundi anapoitwa, aghalabu ukuta huwa umekwisha kuharibika kuliko unavyoonekana kwa nje.

Chanzo cha madhara hayo ni rahisi kueleza. Tofali la udongo lisilochomwa, au lililochomwa nusu nusu, ni laini. Lipu ya saruji ni ngumu. Tofali hutanuka likipata unyevu na kunywea likikauka, lakini lipu haifuatani nalo, kwa hiyo hupasuka. Maji ya mvua huingia katika ufa, yakakosa pa kutokea, yakakaa nyuma ya lipu mpaka tofali likawa unga. Ukuta wa namna hiyo ukigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa mlio wa kitu kitupu. Kuupaka rangi ni kupoteza fedha za wanachama.

Kwa ajili hiyo baadhi ya vyama hubandua lipu yote, hupigilia papi juu ya ukuta, kisha hufunika kwa mbao zinazolaliana au kwa mabati. Njia hiyo ni nzuri. Kosa ni lile linaloandikwa katika muhtasari wa kamati siku fundi anapolipwa: "Kazi imekamilika." Kazi ya fundi ndiyo iliyokamilika, kazi ya chama huanza siku hiyo.

Kilichomo ndani ya ghala ndicho kipimo cha jambo lenyewe. Kahawa ya maganda huhifadhiwa ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na mahindi yasizidi asilimia 13.5. Unyevu ukipanda juu ya hapo kuvu huanza kuota, na katika mahindi kuvu huweza kuleta sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mkulima amekwisha kupima mazao yake na kupewa stakabadhi ya kilo zake. Gunia likioza baada ya hapo, hasara si yake peke yake, bali ni ya chama kizima, na itajitokeza katika malipo ya pili ya kila mwanachama.

Jambo la kwanza la kulinda ni nafasi ya hewa iliyoko kati ya ukuta na kifuniko. Papi huweka uwazi wa kama sentimita 2 au zaidi, na uwazi huo ndio unaokausha ukuta. Hewa iingie chini na kutoka juu, chini ya mapaa. Mara kwa mara huonekana mtunza ghala mwenye bidii ameziba uwazi wa chini kwa saruji au vitambaa, kwa hofu ya panya. Bidii hiyo ina madhara: ukuta hurudi kuwa na maji kama zamani, na safari hii hakuna anayeona. Panya huzuiwa kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, upigiliwe chini na juu, nao uangaliwe kila mara kwa kuwa hujaa vumbi, majani na viota.

La pili ni ardhi. Tone la mvua likianguka kutoka ukingoni mwa paa huruka pamoja na tope na kufika kama sentimita 30 ukutani. Kwa hiyo mwisho wa chini wa ubao au bati uwe umeinuka angalau sentimita 20 kutoka ardhini, na penye mvua nyingi 30. Tatizo ni kwamba ardhi nayo hupanda. Kila msimu hufagiliwa taka kando ya ukuta, humwagwa kifusi ili gari lisikwame, hupandwa maua, na baada ya miaka michache ile nafasi imekwisha. Udongo huo uondolewe kwa jembe. Magunia matupu, kuni na mbao chakavu visiegemezwe ukutani kwa nje hata kwa siku moja, maana siku moja hugeuka mwaka. Mifereji ya bati ya kupokea maji ya paa isafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika; mfereji uliojaa majani humwaga maji juu ya ukuta mahali pamoja, na hapo ndipo ubao wa kwanza utakapooza.

Kuhusu mbao zenyewe, si zote zina nguvu sawa. Mvule na mtarakwa hustahimili mchwa kwa asili yao, lakini ni adimu na bei yake ni kubwa. Mbao nyingi zinazouzwa siku hizi ni za msindano, kama zile zitokazo katika mashamba ya miti ya Sao Hill, Mufindi. Msindano usiotiwa dawa haufai kukaa nje. Ule uliotiwa dawa kwa mashine ya mkandamizo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kidogo, na dawa haikufika kila mahali ndani ya ubao. Kwa hiyo kila mahali fundi alipokata kwa msumeno papakwe dawa upya. Ncha ya ubao hunywa maji kuliko ubavu wake mara nyingi, nayo ndiyo hushambuliwa mwanzo.

Hapa yafaa kutoa onyo. Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromi na aseniki. Vipande vilivyobaki visichomwe wala visipewe mpishi wa chai ya mkutano, kwa kuwa moshi na majivu yake ni sumu.

Mwaka wa kwanza ndio wenye mashaka mengi. Mbao mpya hunywea wakati wa kiangazi, misumari hujitokeza, na mahali palipolaliana pakafunuka. Baada ya kiangazi cha kwanza mtu apite na nyundo ukuta mzima. Ubao ukibadilishwa, msumari usipigwe ukatoboa mbao mbili zinazolaliana, maana zikivutana zitapasuka. Kila ubao ushikwe kwa msumari wake. Rangi au mafuta ya mbao yapakwe juu ya ubao mkavu tu. Upande unaopigwa na jua la alasiri na mvua ya upepo utahitaji kupakwa upya mapema kuliko pande nyingine, na si lazima kupaka jengo zima kwa sababu ya upande mmoja. Mafuta ya linsidi yakitumika, matambara yaliyolowa yasirundikwe ghalani: huweza kupata joto na kuwaka yenyewe pasipo kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe katika ndoo ya maji.

Wengi hupenda oili chafu ya magari kwa kuwa haina bei. Kwa ua wa ng'ombe jambo hilo hufanyika, ingawa huchafua udongo. Kwa ghala la kahawa ni kosa kubwa. Kahawa huvuta harufu ya kitu kilicho karibu nayo, na muonjaji wa mnadani ataitambua katika kikombe cha kwanza. Chama kitakuwa kimeokoa bei ya makopo machache ya rangi na kupoteza daraja la kahawa ya msimu mzima.

Mchwa hawazuiwi kwa kupaka tu. Huzuiwa kwa kuonwa mapema. Ule mkanda wa msingi ulio wazi chini ya mbao ndio dirisha la mkaguzi: mchwa wakitaka kupanda hapana budi wajenge kijia chao cha udongo juu yake. Kijia kikionekana kisivunjwe tu na kusahauliwa, kifuatwe kinakotoka. Katika stoo za zamani huenda bado yamo makopo ya dieldrin au aldrin. Dawa hizo zimo katika orodha ya zile zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. Yasifunguliwe, yasitumiwe wala kufukiwa; afisa kilimo aarifiwe.

Mabati yana adui wengine. Katika kununua ikumbukwe kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 30 ni jepesi kuliko geji 28, na viko vyama vilivyodhani kinyume chake. Mabati yaliyorundikwa yakiwa yameloa hutoka unga mweupe hata kabla ya kupigiliwa. Vipande vidogo vya chuma vinavyomwagika fundi anapotoboa na kukata vifagiliwe jioni ile ile, la sivyo vitapata kutu na kutia madoa ukutani. Saruji mbichi ikirukia bati ioshwe mara moja. Mbolea ya chumvichumvi, hasa salfeti ya amonia, isiegemezwe kwenye bati, kwani hula zinki. Katika maghala ya korosho yaliyo karibu na bahari, kama ya Mtwara na Lindi, chumvi ya upepo hukaa mahali ambapo mvua haifiki, yaani chini ya mapaa. Hapo paoshwe kwa maji baridi kila mara. Doa la kutu lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya awali ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu. Waisha za mpira zilizopasuka kwa jua zibadilishwe.

Yote haya huhitaji fedha kidogo, lakini fedha hizo lazima ziwe na fungu lake katika makisio yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu. Fungu la matengenezo likichanganywa na matumizi mengineyo, litakwisha kwa posho kabla ya masika. Katibu afungue kurasa chache katika daftari, aandike tarehe ya kila ukaguzi, upande wa jengo, kilichoonekana, aliyetumwa na alicholipwa. Mwenye ghala na mjumbe mmoja wa kamati watie sahihi. Kukagua mara 2 kwa mwaka kunatosha, pamoja na mara moja baada ya dhoruba.

Mbao, mabati na misumari iliyobaki iingizwe katika daftari la vifaa kwa idadi, ihifadhiwe juu ya magogo mahali pakavu, na isitolewe ila kwa hati yenye sahihi ya katibu. Mabati 4 yaliyobaki leo ndiyo kiraka cha mwaka kesho, na mara nyingi rangi na mikunjo ya aina ile haipatikani tena dukani.