Kopo la Kalanga Kando ya Barabara ya Shaba

Malori ya shaba yanapopanga foleni kutoka Kolwezi kuelekea Likasi na Lubumbashi, dereva anaweza kukaa saa nzima bila kusogea hata hatua kumi. Hapo ndipo akina mama wa kalanga wanapotokea. Beseni kichwani, kopo la nyanya mkononi, kwapani karatasi za madaftari ya shule zilizokwisha kukatwa tayari kwa kukunjwa pembe. Kuna ya kukaanga, kuna ya chumvi, kuna iliyochemshwa na maganda yake. Noti za franka zinashuka kutoka dirishani, pembe ya karatasi inapanda. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, na kwa miaka mingi sikuhesabu kuwa ni chakula. Nilidhani ni kitu cha kuutafuna muda.

Kwetu, mtu akisema amekula, maana yake amekula bukari, yaani ugali. Mengine yote ni ya pembeni: sombe ya majani ya muhogo, matembele, lengalenga, na samaki mkavu mwezi ukiwa mzuri. Mwezi ukiwa mbaya samaki anaondoka kwanza, kisha mafuta yanapungua, mwisho linabaki jani na maji yake. Unga wenyewe kwa sehemu kubwa unategemea Zambia, na aliyekuwa Katanga mwanzoni mwa 2023 hajasahau jinsi bei ya meka moja ya unga ilivyopanda hadi watu wakapunguza milo. Siku zile kila mazungumzo yalikuwa unga, unga, unga. Sikumsikia mtu akiuliza kilichokuwa kikiingia kwenye sufuria ya pili, ile ndogo, ya mboga.

Sufuria hiyo ndogo ndiyo inayonihangaisha. Gramu 100 za unga wa muhogo zina gramu moja au mbili tu za protini. Unga wa mahindi una kama 8. Kalanga zina 25 hivi, na mbegu za maboga zilizomenywa hufikia 30, kiasi kisichopungua kile cha nyama ya ng'ombe kwa uzani uleule. Juu ya hayo, karibu nusu ya uzito wa kalanga ni mafuta, na mengi yake ni ya aina isiyoudhi moyo wala mishipa. Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine: uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa nchi yetu walio chini ya miaka mitano, karibu 42 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amelala njaa. Wengi wao wanashiba bukari kila siku, tumbo limejaa, mwili haujapata cha kujengea.

Wazee waliokulia katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière wanaikumbuka posho: unga, maharage, samaki au nyama, mafuta ya mawese, na kalanga. Neno hilo lilizoeleka mpaka katika Kilingala likawa jina la wiki. Kampuni haikutoa kalanga kwa mapenzi. Ilitaka mtu mwenye nguvu za kushika sululu, na ilijua kuwa unga peke yake haumfikishi mbali. Baada ya kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, kuirithi migodi mwaka 1967, familia nyingi ziliendelea kutegemea mkono wa kampuni kwa chakula, shule na dawa, hadi mkono ulipolegea katika miaka ya 1990. Kisha kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Unga ulitafutiwa njia, kwa kuwa bila unga hakuna kulala. Kalanga katika nyumba nyingi zilihama kutoka jikoni zikaenda barabarani, zikawa biashara ya mama. Nyumba ikauza kilichokuwa kikiilisha. Hili linaniuma, kwa sababu najua ni nani aliyeziuza, na najua alikuwa akinunua nini kwa zile pesa: unga.

Jina lenyewe linatokana na jiko. Kukaranga ni kukaanga, na kalanga yetu ya Katanga ni karanga ya pwani iliyobadilishwa herufi moja tu. Mmea ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na meli za Wareno, na ukakuta bara lina njugu yake tayari, ile njugu mawe ya duara na ngumu ambayo bibi zetu walichemsha kwa saa nyingi. Wakongo wa magharibi waliita kalanga nguba, na waliposafirishwa utumwani walilibeba neno hilo hadi kusini mwa Marekani, ambako mpaka leo wapo watu wanaoita karanga goober bila kujua kuwa wanazungumza Kikongo.

Lakini turudi kwenye sufuria, maana wengi hukosea hapo. Kalanga za kupikia mboga hazikaangwi mpaka ziwe nyeusi. Ladha ya kuungua itatawala chungu kizima. Zipashe moto mdogo hadi ganda jekundu lianze kujiachia, zifikiche, zipepete, kisha zitie kinuni na utwange mpaka upate unga wenye unyevunyevu. Wenye haraka hupeleka kwenye mashine, na mashine inazigeuza uji mzito unaong'aa. Hiyo nayo ni nzuri, ila inataka kukorogwa na maji ya vuguvugu kabla ya kuingia chunguni, la sivyo inafanya madonge. Chemsha lengalenga au matembele na nyanya na kitunguu, bila mafuta. Nasisitiza, bila mafuta. Tia unga wa kalanga, punguza moto, koroga taratibu, na usiondoke, kwa sababu hushika chini upesi. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini utaona vijicho vya mafuta vinapanda juu. Hapo imeiva, na chupa ya mafuta ya kununua haikuguswa.

Upande wa Zambia wenzetu Wabemba wanaiita ifisashi, na kwao ni mboga ya heshima. Kwa sombe, subiri mpaka majani yaliyotwangwa yamechemka vya kutosha na sumu yake ya asili imeondoka, ndipo kalanga ziingie. Kwa uyoga wa msimu wa mvua ni hivyo hivyo, na anayejua uyoga wa kalanga hatauliza nyama iko wapi. Kopo dogo moja linatosha sufuria ya watu sita. Mahindi na kalanga pekee bado havijakamilishana, kwa sababu vyote viwili vina upungufu wa kiungo kimoja cha protini, kile ambacho maharage yanacho kwa wingi. Kwa hiyo siku ya maharage isifutwe eti kwa kuwa jana tulikula kalanga.

Kipo pia kikanda, na siwezi kuandika juu ya kalanga za Katanga nikakiruka. Mgeni akikionyeshwa kimekatwa vipande atadhani ni soseji nene ya hudhurungi. Hakina nyama hata chembe. Ni unga wa viazi vidogo vya okidi za mwituni uliopikwa pamoja na unga wa kalanga, pilipili, chumvi na magadi au bikabonati, ukakorogwa mpaka ukashikamana, kisha ukaachwa ugande. Nakipenda. Lakini kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima uliong'olewa, na mabonde yetu yenye majimaji yamechimbwa sana. Wafanyabiashara wameufuata mmea huo hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya Kitulo, inayojulikana kwa wenyeji kama Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005 ili maua hayo yapate pa kupumulia. Kwa hiyo nakila kwa sherehe. Kalanga zilizomo ndani yake ndizo ninazokula kila siku.

Mbegu za maboga nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na jirani yetu mwenye asili ya Kasai. Alizianika juu ya bati, akazimenya jioni moja moja kwa kucha, akazisaga na kitunguu, pilipili na kipande cha samaki mkavu, akazifunga katika majani ya mgomba na kuzichemsha kwa mvuke. Kinshasa wanaziita mbika. Jirani huyo aliondoka na watoto wake mwaka 1993, katika siku zile mbaya ambapo familia za Wakasai zililala wiki nyingi kwenye stesheni zikingoja treni. Aliacha kinu chake kwetu. Mpaka leo, boga linapopasuliwa nyumbani, hakuna anayethubutu kutupa mbegu. Leo najua kuwa zina madini ya zinki na magnesi ambayo bukari ina kidogo mno, lakini tulizila kwa miaka mingi kabla ya mimi kuyajua hayo. Asiye na muda wa kumenya azikaange na chumvi kidogo, azitafune na ganda lake. Ufuta ni adimu zaidi hapa. Ukiupata, ukaange kidogo na uunyunyize juu ya mboga.

Katikati ya mji sasa utaona paketi za lozi na korosho kutoka mbali, zimepambwa kwa picha za watu wembamba wanaokimbia. Ni chakula kizuri, sina ugomvi nacho. Ninachokataa ni fikra iliyoingia pamoja na paketi hizo, kwamba kula kwa afya ni jambo la wenye dola, na kwamba kalanga ya kopo ni ya mchimbaji na mwanafunzi. Mwaka 1996 daktari wa watoto wa Kifaransa, André Briend, alipokuwa akitafuta chakula cha kuwaokoa watoto wenye utapiamlo mkali, yeye na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset waliegemea karanga iliyosagwa, wakaichanganya na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Ndiyo Plumpy'Nut, pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500, na Lubumbashi kiwanda cha AMWILI kimewahi kuitengeneza. Msingi wake ni kalanga ileile ya kwenye beseni.

Kwa mtoto wa nyumbani asiye mgonjwa, kijiko kikubwa cha unga wa kalanga katika uji wa asubuhi kinaubadilisha uji huo kabisa. Uwe unga au uji laini, lakini. Kalanga nzima mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe, maana hupenya kwenye njia ya hewa na kumkaba kabla hujafika mlangoni. Wapo wanaoogopa kumwanzishia mtoto mapema kwa hofu ya mzio. Utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari ya mzio, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kinyume: walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo sana kuliko walioepushwa nazo.

Kolwezi hata hivyo ni Kolwezi, na vumbi letu si vumbi la kawaida. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha matokeo yao kuhusu Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watoto walioishi katikati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Vumbi hilo hutua juu ya majani ya mboga, na hutua vilevile juu ya beseni la wazi linalopita kati ya malori. Kwa sababu hiyo, barabarani nanunua zilizochemshwa na maganda, nazimenya mwenyewe. Za kukaanga nazikaanga nyumbani. Na majani nayaosha mara tatu, hata maji yakiwa ya kununua.

Adui wa pili haonekani upesi hivyo. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na kalanga zisizokauka vizuri. Dunia iliitambua kwa uchungu mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hata pasipo kuua mara moja, huliharibu ini mwaka baada ya mwaka. Kukaanga hakuiondoi yote. Hapa kwetu mavuno huja Machi na Aprili, mvua ikiwa haijaisha, na kuna desturi ya kulowesha maganda ili yabanduke kirahisi; desturi hiyo ndiyo inayoukaribisha ukungu. Zianikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie mbegu ikigonga ndani, zihifadhiwe na maganda katika gunia linalopitisha hewa, na zibanduliwe zikiwa kavu.

Jumamosi iliyopita niliinama mbele ya mama mmoja sokoni nikamuuliza, "Mama, iko mupya?"

"Iko mupya, mama. Onja."

Nilionja. Ilikuwa tamu, haina uchungu wa ukungu. Nilichukua makopo manne na mengine mawili yenye maganda. Usiku tulizimwaga kwenye ungo, mimi na binti yangu, chini ya taa, tukachambua: zilizosinyaa huku, zilizobadilika rangi huku, zenye unga wa kijani huku. Aliuliza kama hizo mbaya tuwape kuku. Nikamwambia hapana, kuku nao wana ini, na mayai yao tunakula sisi. Tulizitupa shimoni. Zile zenye maganda tulizifunga kwenye kifuko cha kitambaa, tukakitundika juu ya mlango wa jiko. Ni mbegu, zinangoja mvua za Novemba.