Nyumba Juu ya Pikapu: Kazi ya Mikono ya Familia Nzima

Nchini Marekani pikapu si gari la mizigo tu. Siku za kazi hubeba mbao, saruji na zana. Likizo ikifika, hubeba nyumba. Nyumba yenyewe ni kijumba kinachopachikwa sehemu ya nyuma ya gari, chenye kitanda, jiko na maji, nacho huitwa kempa. Mwandishi John Steinbeck aliizunguka nchi hiyo mwaka 1960 akiwa na kijumba cha namna hiyo juu ya gari lake, na kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1962.

Kempa za kiwandani ni ghali, na zile zenye kuta ngumu aghalabu huzidi kilo 1,000, uzito ambao pikapu ndogo haiwezi kuubeba kwa usalama. Kwa sababu hiyo zipo familia zinazojijengea zenyewe kempa nyepesi, za aina ambayo paa hushushwa gari linapokwenda na kuinuliwa linaposimama. Kazi hiyo yataka subira, hesabu na mikono mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hesabu kabla ya msumeno

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva asiyejua uzito wa mzigo wake hulitendea gari lake vivyo hivyo: huliona linakwenda, akadhani halilemewi. Lakini gari lililozidishiwa huchelewa kusimama breki zinapokanyagwa, matairi yake hupata moto, na katika kona huyumba. Waliomo ndani ni mama, baba na watoto. Basi hapa si mahali pa kukisia.

Katika magari ya Marekani, kwenye fremu ya mlango wa dereva hubandikwa kibandiko kinachotaja uzito ambao abiria na mizigo kwa pamoja havipaswi kuuzidi. Tuchukue mfano wa pikapu inayoruhusiwa kilo 600. Wazazi wawili wenye kilo 70 kila mmoja, na watoto wawili wenye kilo 40 na kilo 30, jumla yao ni kilo 210. Zimebaki 390. Lita 60 za maji ni kilo 60. Chakula, vyombo, nguo na matandiko ni kilo 80. Betri na mtungi wa gesi ni kilo 30. Zimebaki kilo 220 kwa ajili ya kijumba chenyewe, na mwenye busara huacha akiba, hivyo hujenga kisichozidi kilo 180.

Ukiiona hesabu hiyo utafahamu kwa nini wajenzi hawa hupima kila kitu, hata bawaba na skrubu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa katika gari, anayeumia ni ekseli ya nyuma.

Ukuta mwepesi usiopinda

Bamba moja la plaiwudi lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, likiwa na unene wa milimita 12, lina uzito wa takriban kilo 20. Kuta na paa vikijengwa kwa mabamba hayo matupu, akiba yote itakwisha. Njia wanayoifuata wengi ni ya tabaka tatu: plaiwudi nyembamba ya milimita 3 kila upande, na katikati povu gumu la kuzuia joto lenye unene wa milimita 25. Povu hilo kwa ukubwa uleule halizidi sana kilo 2, na kila bamba jembamba ni kama kilo 5. Jumla ni kilo 12 pamoja na gundi kidogo, na ukuta huo hukakamaa kuliko ule wa kilo 20, kwa kuwa ngozi zake mbili zimetenganishwa na kushikamanishwa. Juu ya hayo, huzuia baridi ya usiku na joto la mchana.

Nje ya ukuta, wasio na fedha nyingi hutumia kitambaa cha turubai. Hukitandaza juu ya ubao uliopakwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha hukipaka rangi ya nje, tabaka baada ya tabaka, mpaka nyuzi zisionekane. Wenyewe huiita kwa utani faibaglasi ya maskini. Kitambaa kikishikana vyema na kingo zikazibwa, mvua haipati pa kupenyea.

Paa linaloinuka

Nguvu ya upepo dhidi ya gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, upepo husukuma mara nne. Kijumba kirefu kwa hiyo hula mafuta mengi na husukwasukwa njiani. Paa likishushwa kwa sentimita 50 au 60, gari hupita kwa wepesi, na kitovu cha uzito hukaa chini.

Kwa kawaida paa hushikiliwa na mbao mbili zenye bawaba, moja mbele na moja nyuma, zinazolala ndani paa linaposhuka na kusimama wima linapoinuliwa. Pembeni hushonwa pazia zito la turubai lenye madirisha ya wavu. Jambo la kuangaliwa ni uzito wa paa lenyewe: likipita nguvu za mtu mmoja, litakuwa mtihani kila jioni.

Kijumba nacho kikae ili uzito wake mwingi uangukie mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kifungwe pembe zote nne kwa vyuma vya kukazia, katika bodi au fremu ya gari, si katika bati jembamba.

Kila mtu na kazi yake

Familia zinazofanikiwa huanza kwa maboksi ya karatasi. Hulichora umbo zima kwa chaki sakafuni, hulisimamisha kwa maboksi, kisha kila mmoja hulala ndani, hugeuka, huketi. Mtoto ndiye wa kwanza kugundua kwamba miguu ya baba haienei, na kosa hilo hurekebishwa kwa mkasi badala ya msumeno.

Bibi mwenye cherehani hushona pazia la paa. Mtoto wa miaka 10 hupewa mizani na daftari: hakuna kipande kinachofungwa kabla hajakipima na kuandika. Kijana hukata povu na kupaka gundi akiwa amevaa glovu. Misumeno ya umeme hubaki mikononi mwa watu wazima, na miwani ya kinga huvaliwa na kila aliyemo chumbani. Udongo uwahi ungali maji: mtoto aliyejumlisha kilo kwa daftari lake anajua maana ya jumla, na aliyesubiri gundi ikauke usiku kucha amejifunza subira bila kuhubiriwa.

Hatari isiyoonekana

Chumba kidogo kilichozibwa vizuri ndicho chenye hatari kubwa. Jiko au hita inayounguza gesi ndani yake huweza kutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Jiko lisitumiwe kamwe kuota moto wakati wa kulala. Pawe na tundu la hewa juu na chini, na king'ora cha kutambua gesi hiyo. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae katika sanduku lililotengwa na chumba, lenye tundu chini linalotoka nje ya gari. Na gari linapokwenda, kila mtu aketi kwenye kiti chake na afunge mkanda. Kijumba si mahali pa abiria.

Kabla ya safari ya kwanza, gari lenye kijumba, maji na watu wote lipelekwe kwenye mizani ya malori. Jumla ikizidi kiwango, kitu kishushwe, hata kama ni kile kinachopendwa zaidi. Hilo lamhusu pia mzazi wa Tanga au Mombasa anayepakia pikapu ya familia kwenda harusini: gari lina kiwango chake, na watoto watajifunza kukiheshimu wakimwona mzazi wao akikiheshimu.